Joto la Uongo la Gracien

— Nimechomoa waya wa termometre, weye! Iko hapa mukononi mwangu! Na ordinatere yako ingali inaandika joto 37. Inaongea na nani?

— Tantine, pengine inakumbuka...

— Inakumbuka! Funga kinywa!

Tantine Célestine akamtupia Gracien, mtoto wa ndugu yake, ule waya. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kuku zake zote pale Kavimvira. Alibaki na mayai tu, ndani ya sanduku lenye balbu ya kuyapasha joto. Yakifa, hana kuku tena. Gracien mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na tatu, ndiye aliyeomba kazi: atachomeka termometre kwenye USB ya ordinatere, yaani kompyuta, na programu yake ya Python itasoma joto la sanduku. Alijisifu mpaka watu wa Sange, mbali kule, wakasikia.

Rafiki yake Toussaint alikuwa mlangoni, anacheka.

— Enjeniya! Andika basi kwamba vifaranga vimetoka!

— Toussaint, nyamaza! Gracien, sema weye.

Gracien akainamisha kichwa, akasema. Taa ya termometre iliwaka, lakini programu ilipoiuliza joto, haikujibu hata mara moja. Kila mara yalikuja maneno mekundu: chombo hakionekani. Hakutafuta sababu. Alifuta mstari wa kuuliza, akaandika 37 yeye mwenyewe. Uvivu mtupu.

— Na huu waya uliutoa wapi? Tantine akauliza.

— Kwa tochi ya kusharji.

Alipotamka hivyo akashtuka. Waya wa namna ile unapeleka umeme tu, habari haipiti. Angeuliza mtu, angejua siku ile ile. Akakimbia kwa dada yake Aline, akaazima waya anaotumia kutoa picha kwenye simu. Akachomeka, akarudisha mstari wake. Namba ikaja: 31, wakati mayai yanataka 37.

Toussaint hakucheka tena.

Tantine akaongeza balbu ya pili, akamulika yai moja moja kwa tochi. Machache yalikuwa bado na mishipa myekundu, yako hai. Mengine, maji tu. Hayo akayaweka kwenye beseni.

— Sikia. Kukosa kujua si aibu. Ungesema "minye nimeshindwa", tungetafuta pamoja. Ukiuliza chombo, ngojea jibu yake, hata kama ni mbaya. Weye ulitaka sifa, na mayai yangu ndiyo yamekufa.

— Tantine, nisamehe, minye...

— Chunga hayo yaliyobaki. Na usome namba ya kweli.

Akabeba beseni, akageuka, akaenda.