Usimfungie

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 4 Mei, komeo la mlango wa mbele lilijifunga lenyewe, na mke wa fundi akabaki nje na beseni la nguo kichwani.

Alibisha kwanza kwa kidole, kisha kwa ngumi, hatimaye kwa kisigino.

"Mume wangu, umenifungia nje kwa kosa gani? Chumvi ilizidi?"

Fundi alitoka karakanani, chumba kilichopakana na jikoni, huku akifuta mafuta mikononi. Alilivuta komeo. Lilikuwa zito kuliko siku zote, na baridi kama kitu kilichotolewa kisimani.

"Sijaligusa," alisema. "Nilikuwa ndani kule."

"Na mke mwenzangu, bila shaka."

Mke mwenza huyo alikuwa bunduki.

Wapenzi wa shabaha walimwita fundi huyo Nusu Nywele, kwa kuwa kosa lililozidi nusu ya unywele lilimnyima usingizi. Chama chao kilikutana uwanjani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mwanachama mpya alipofika, Nusu Nywele ndiye aliyemfundisha somo la awali. Bunduki za kimichezo wanazozienzi hazijijazi zenyewe. Nyuma ya mtutu kuna chumba kidogo cha kulaza risasi, na chumba hicho huzibwa kwa kipande cha chuma chenye mkono, ambacho mafundi hukiita komeo, maana kazi yake ni ile ile ya komeo la mlango. "Inua, vuta, sukuma, laza," alikuwa akiwaimbisha. "Maneno manne. Asiyeyajua haya aende akacheze bao."

Bunduki hii aliipokea Jumamosi, tarehe 22 Aprili, baada ya karatasi za kibali kukamilika. Ilikuwa mali ya marehemu mwenzao chamani, na aliyeikabidhi alikuwa mjane wake, bibi mkimya aliyeibeba mikononi kama mtu abebavyo mtoto aliyelala. Ilichongwa mwaka 1937. Mbao yake ilikuwa na mistari myeusi iliyojipinda kama moshi, na komeo lilikuwa wazi, limekingwa kwa kijiti cha mti kilichochorwa maandishi madogo yaliyofifia.

"Nakuomba jambo moja," alisema mjane. "Usimfungie."

Nusu Nywele alitabasamu. Alikuwa amesoma zama zile ambazo mwalimu alimchapa mtoto kwa kukosea ngeli. "Mama, bunduki ni 'i'. Tunasema usiifunge."

"Mwanangu, nimekaa naye miaka arobaini. Najua ninachosema. Uwanjani mume wangu alikuwa akimfungia, kule hakuna milango. Nyumbani, hata siku moja. Kijiti hicho kisitoke."

Fundi aliitikia kwa adabu, kama watu waitikiavyo maneno ya wafiwa. Alipofika nyumbani, kijiti kile kilimuudhi. Kilikuwa kimekwaruza chuma kilichong'arishwa vizuri. Alivumilia kwa siku kadhaa, akishughulikia mambo mengine: alichonga mbao kwa tindo mpaka chuma kikakaa ndani yake kama yai katika kiota, alipitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, kutoka mdomoni hadi karibu na chumba, kuhakikisha kwamba havigusani popote, alirekebisha kifyatulio kikawa kinaachia kwa mkandamizo mwepesi, bila kusita. Kisha, alasiri ile ya tarehe 4 Mei, alikichomoa kijiti, akakitupia katika kikapu cha vijiti vya kuwashia moto, akalisukuma komeo na kulilaza.

Alikuwa hajapata kusikia sauti kama ile. Haikuwa sauti ya chuma kugonga chuma. Ilikuwa kama mtu amemeza mate.

Jumapili alirudia, ili aisikie tena. Safari hii mkewe alikuwa stoo akipima mchele, na mlango wa stoo ulijibana.

"Umefanya nini huko?" aliuliza kutoka ndani, kwa sauti ya chini.

"Nimefunga bunduki tu."

"Basi ifungue."

Aliinua mkono wa komeo, akavuta. Mbele ya macho yake, kupitia mlango wa karakana uliokuwa wazi, komeo la mlango wa stoo likarudi nyuma polepole, bila mkono wa mtu. Mkewe alitoka akiwa na unga wa mchele mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na mzaha.

"Kila ukifunga la kwako, langu nalo linajifunga. Kitu hicho kina mwenyewe, mume wangu. Niapie hutakifunga tena humu ndani."

Aliapa. Naye alikuwa mkweli alipoapa. Lakini mwenye kupenda haapi, hujidanganya tu.

Alhamisi, tarehe 11 Mei, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mkewe aliingiza jiko la mkaa ndani, akalisukumia kwenye kona ya jikoni, akaacha madirisha ya mbao wazi ili hewa ipite. Ndoo zote alizipanga nje zikinge maji. Karakanani, Nusu Nywele alikuwa amekaza skrubu ya mwisho na kufunga darubini juu ya mtutu. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa bunduki nzuri kuliko zote alizowahi kuzishika, na fundi asiyesikia kazi yake inavyofunga ni sawa na mpishi asiyeonja.

Mara moja tu, alijiambia. Nitafungua papo hapo.

Akasukuma. Akalaza.

Nyumba nzima ilijibu. Mlango wa mbele, mlango wa uani, mlango wa stoo, madirisha ya jikoni, moja baada ya jingine, yalijipiga na kujikomea, na mwisho kabisa mlango ulio kati ya karakana na jikoni ukajibana mgongoni mwake.

"Umeapa," ilisema sauti ya mkewe kutoka upande wa pili. Haikuwa na hasira. "Umeapa, baba."

"Nafungua. Nafungua sasa hivi."

Aliushika mkono wa komeo, akainua. Haukuinuka. Alitumia mikono miwili, akabana bunduki kwenye jiliwa, kibanio chake cha mezani, akaning'inia kwa uzito wake wote. Mkono haukusogea hata kwa nusu ya unywele.

"Lizime jiko," alisema.

"Kwa maji gani? Ndoo ziko nje. Nimemwagia yaliyokuwa birikani, moto umefoka tu. Kichwa kinaniuma."

Alichukua nyundo, akaupiga mlango uliokuwa wa mbao za kawaida, alizozipigilia misumari yeye mwenyewe, na nyundo ikadunda kana kwamba amepiga mwamba; akaupiga tena, na tena, na kila pigo alisikia mkewe akikohoa, kila kikohozi kikiwa kifupi kuliko kilichotangulia, na kati ya kikohozi na pigo alianza kusikia kitu cha tatu, pumzi, si yake wala ya mkewe, pumzi ndefu yenye kikwaruzo, iliyotoka katika mdomo wa bunduki pamoja na harufu ambayo haikuwa ya mafuta wala ya baruti bali ya nyumba iliyofungwa miaka mingi na mgonjwa ndani yake, shuka, jasho, ukuta uliolowa, mpaka hewa ya karakana yote ikawa haivutiki.

"Umenifungia," ilisema ile pumzi.

Nusu Nywele alipiga magoti. "Nimekosa. Fungua."

"Nilikuwa na kijiti changu kati yangu na giza. Asubuhi ya leo kimewashiwa moto wa chai. Sasa mlango huu sina haja nao tena. Nimechoka kuishi katika chuma. Ni baridi, na kila mwenye mkono ananikomea." Pumzi ilitulia, kisha ikasogea karibu. "Nipe chumba."

Jikoni kitu kilianguka, kizito na laini. Baada ya hapo hapakuwa na kikohozi.

"Mke wangu? Mama? Niitikie."

"Nipe chumba chenye joto, nami nitatoka."

"Chukua changu," alisema fundi. "Chukua. Hama leo hii."

Alimaanisha karakana. Alikuwa tayari kuihama kwa moyo mmoja, na vyombo vyake vyote.

Mkono wa komeo uliinuka wenyewe. Ukajivuta nyuma. Kote nyumbani yakasikika makomeo yakirudi nyuma, na upepo wa mvua ukaingia kwa kishindo. Alimburuta mkewe mpaka uani, akamlaza matopeni uso ukitazama mbingu, na mvua ikampiga mpaka akafumbua macho na kutapika.

"Nikipona," alisema mkewe kwa shida, "nakuacha."

Alipona, wala hakumwacha. Karakana ikafungwa, vyombo vikahamishiwa banda la jirani. Makomeo ya nyumba yakawa chuma mfu. Nusu Nywele aliifungua na kuifunga bunduki mara nyingi akiwa uani, na sauti ile ya kumeza mate haikuwamo tena. Ilifunga kama bunduki yoyote.

Jumamosi, tarehe 13 Mei, aliirudisha kwa mjane na kumsimulia yote. Bibi alisikiliza bila kuigusa.

"Bunduki ina mdomo, ina kitako, ina chumba, ina komeo," alisema hatimaye. "Nusu mtu, nusu nyumba. Ndiyo maana huyo aliyekaa ndani yake aliipenda. Mume wangu naye aliwahi kuombwa chumba. Alijibu hakuna, akamchongea kijiti. Wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia achukue changu."

"Chako kipi?"

"Karakana, mama."

"Uliitaja karakana? Kwa jina lake?"

Fundi aliyakumbuka maneno yake, na karakana haikuwamo. Mjane aliinuka, akamtangulia hadi mlangoni, akaufungua wazi na kuuwekea jiwe.

"Basi nenda nyumbani kwako, mwanangu. Na usinione mbaya, humu usirudi."

Wiki iliyofuata akaanza kuhisi uzito kifuani, kama wa mtu anayepanga vitu vyake. Kuumwa hakuumwa, ila usiku alikuwa na joto, na mara mbili aliamka akakuta mlango wa chumba cha kulala umekomewa na mkewe amesimama akiuvuta.

Jumatatu, tarehe 29 Mei, mkewe alimpeleka kwa daktari na kuketi kwenye benchi la ukumbini. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimwambia avue shati, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, kisha haraka yake ikamtoka.

"Mzee, unajua moyo una vyumba vingapi?"

"Sijui."

"Vinne." Daktari alikisogeza kipimo, akainamisha kichwa. "Mapigo yako ni ya ajabu kidogo. Kawaida ni mawili, hivi: du, du. Yako yanakwenda manne. Kama kitu kinainuka, kinarudi, kinakwenda mbele, halafu..." Alisita. "Lakini usiogope. Anapiga vizuri. Ana nguvu."

"Unapiga," alisema Nusu Nywele. "Moyo ni 'u', daktari. Una nguvu."

Daktari alimtazama asielewe. "Si ndivyo nilivyosema?"

Nyuma yake, komeo la mlango wa chumba cha matibabu liliteleza na kuingia mahali pake. Dirisha likafuata. Ndani ya kifua cha fundi kitu kililazwa, taratibu, kwa sauti ya mtu kumeza mate, na baada ya hapo pakawa kimya.

Ukumbini mtu alibisha kwa kidole. Kisha kwa ngumi.

"Mume wangu," ilisema sauti ya chini, "umenifungia nje kwa kosa gani?"

Nusu Nywele alikishika kifua chake kwa mikono miwili, akasubiri lile neno la kwanza, inua.