Mzinga wa Mwisho wa Bibi Suzue

Asubuhi aliyofariki bibi, niliamka saa kumi na mbili kama kawaida, nikakunja godoro langu na kwenda jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Kila siku Bibi Suzue ndiye aliyetangulia kuamka, akabandika supu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutazama nyuki wake. Siku hiyo mama alimkuta bado amelala, wala hakuamka tena. Ilikuwa tarehe ishirini na moja, mwezi wa nane.

Tulibaki wawili, mama na mimi. Mama alikuwa akipasua na kuanika ngisi bandarini. Aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Jioni aliweka bakuli la wali mbele ya picha ya bibi, kama tunavyowafanyia marehemu, kisha akanigeukia, akasema, "Kula, Kozue." Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima.

Bibi aliacha mzinga mmoja wa gogo. Zamani ilikuwa mitano, lakini ugonjwa uliua minne. "Na huo ukifa, basi," mama alisema. "Mimi sitaanza upya."

Kisiwani kwetu, mwezi wa tisa ni wa nyigu wakubwa, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nyigu thelathini wanaweza kuumaliza mzinga kwa saa chache. Ndiyo maana kila mwaka bibi alikaa kwenye kigoda kando ya gogo, raketi kuukuu ya mpira wa vinyoya mkononi, akiwapiga mmoja mmoja kutwa nzima.

Sasa nani angekaa pale? Niliamua kuwa ni mimi, na sikumwambia mtu. Jumatatu, mama alipokwisha kuondoka, nilipiga simu shuleni, nikaikaza sauti ifanane na yake, nikasema Kozue anaumwa tumbo.

Siku hiyo niliua nyigu wanne. Nilisikia kengele ya shule ng'ambo ya mto, na kelele za wenzangu wakitoka kucheza. Mimi sikuwa na wa kusema naye.

Saa kumi akaja Ryuhei, jirani yetu, niliyesoma naye darasa moja. Mwanafunzi akiugua, jirani ndiye humpelekea mkate wa shule na karatasi za masomo.

"Mgonjwa wa tumbo anacheza vinyoya," alisema. "Na nani? Na mzimu?"

"Nenda zako."

"Naenda. Mwalimu Urabe kaniuliza hali yako. Nimemwambia unaharisha mpaka majirani wamefunga madirisha."

"Mshenzi wewe."

"Hiyo ndiyo asante?" Aliuweka mkate juu ya ukuta, akaenda. Nilitamani abaki, lakini sikumwita.

Jumanne mchana niliingia ndani kuchukua tonge la wali. Niliporudi, nyigu mmoja alikuwa ameshatua mlangoni pa mzinga. Kabla sijainua raketi, nyuki walimwangukia kwa mamia, wakamfunika kabisa, wakawa mpira mmoja ukubwa wa chungwa. Mpira ule ulikuwa ukitetemeka. Nilidhani nyigu yumo ndani anawachinja. Nikaokota kijiti, nikaubomoa.

Nyigu alitoka akipepesuka. Akaruka kombokombo, akapotelea juu ya miti.

Jumatano walikuja kumi na mmoja kwa pamoja. Nilipiga wawili. Waliobaki walijipanga mlangoni wakikata vichwa vya nyuki, na miili ikarundikana chini ya gogo. Ryuhei alipofika, aliuangusha mfuko wake akanivuta mkono.

"Rudi nyuma. Hao wanaua watu. Namwita mama yako."

"Usimwite. Hajui kama siendi shule."

"Basi chagua, Kozue. Mama ajue, au nyuki wafe."

Nililitazama gogo la bibi. Ndani yake mlikuwa kimya kuliko jana.

"Kimbia," nikamwambia. "Mwite."

Mama alikuja na aproni yake ya mpira, inanuka ngisi, na Mwalimu Urabe nyuma yake, maana Ryuhei alimpitia naye njiani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walivaa makoti ya mvua na vyandarua vya kichwani. Mwalimu aliweka juu ya mzinga ubao wa gundi ya kunasia panya, akambandika nyigu mmoja aliye hai. Wenzake walimfuata pale, wakanasa mmoja baada ya mwingine. Mama akakata wavu wa waya, akaufunga mlangoni: nyuki wanapita, nyigu hapiti.

Jikoni nilisema yote. Simu. Siku tatu. Na mpira nilioubomoa.

"Hawakuwa wakichinjwa," alisema Mwalimu Urabe. "Walikuwa wakimpika. Wanamzingira, wanatetemesha misuli, joto linafika digrii arobaini na sita. Nyigu hufa kwa joto hilo. Nyuki hulistahimili, maana wao huweza joto lililozidi hilo kidogo tu."

"Kwa hiyo nilimwokoa."

"Ulimwokoa mpelelezi, akaenda kuita wenzake." Alisema bila ukali. "Hata wataalamu walishangaa. Walipochunguza ubongo wa nyuki waliokuwa ndani ya mpira kama ule, walikuta sehemu iliyoamka ni ile inayopima joto. Na ubongo wenyewe hauzidi mbegu ya ufuta."

Mama aliuliza, "Na nyuki mmoja akitetemeka peke yake, mwalimu?"

"Anachoka bure, mama."

Mama alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umesikia, mwanangu? Tangu bibi yako aondoke, mimi nalilia kwenye ngisi, wewe unalilia huku nyuma. Uongo wako haukuulinda mzinga. Ulitufukuza sisi ambao tungekusaidia. Kesho utamwomba radhi mwalimu mkuu, nami nitasimama pembeni yako. Siku nyingine, mzigo ukikuzidi, sema."

"Nawe utasema, mama?"

"Nitajaribu," akasema, akavuta kiti karibu na changu.

Theluthi ya nyuki walikufa mwaka ule, lakini malkia alipona. Leo mizinga ni mitatu. Ukifika mwezi wa tisa, mama hulinda Jumatatu na Jumanne, Ryuhei siku tatu zinazofuata, na mimi, ambaye sasa naishi ng'ambo ya bahari, hurudi kwa meli ya Ijumaa jioni nilinde Jumamosi na Jumapili.