Mtumbwi Ndani ya Kioo

Tik.

Mlio mmoja tu. Kisha kimya.

Caleb alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaishukia Garsen. Msikitini walikuwa wametoka sala ya magharibi, na mbu walikuwa wameanza ya kwao. Jenereta alikuwa ameizima mwenyewe. Taa zilikuwa zimekufa, kompyuta ilikuwa imekufa, na ndani hakukuwa na mtu.

Na bado kipanya kilikuwa kimebofywa.

"Umesikia?" alinong'ona.

Halake, mlinzi wa kituo, alikuwa amekalia dumu lililopinduliwa, fimbo yake ya ng'ombe mapajani. "Mimi nasikia kila siku hiyo," alisema. "Si ni ile panya yako? Nilidhani unaifungia bila chakula."

Caleb alitaka kucheka. Akatazama tena ndani.

Angeweza kufunga na kwenda zake. Lakini kesho wanafunzi wapya walikuwa wanakuja, na Lois, mkuu wa kituo, alikuwa amemwambia mbele ya watu: "Caleb, kipanya kitengenezwe leo. La sivyo nitaita fundi kutoka Malindi, na wewe urudi kubeba magunia ya mahindi."

Kituo kilianza kama ghala la misaada. Mafuriko ya Elnino yalipopita, ikabaki alama ya matope ukutani, usawa wa kifua, na kompyuta moja. Lois akaona vijana wafundishwe. Mtu aliyezoea jembe, mkono wake huwa mzito juu ya kipanya, kwa hiyo aliwaanzisha kwa mchezo uliokuja na wageni: mchezo wa mtumbwi. Mtumbwi unashuka mto, unakwepa magogo, unachukua mizigo kingoni. Ukisogeza kipanya kulia, unaenda kulia. Mzigo ukizidi, mtumbwi unaanza kuzama, na ni lazima upeleke mshale juu ya mzigo mmoja, ubofye, uutupe majini.

Caleb hakuupenda mchezo ule. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa mchezo ulikuwa umeharibika. Ukienda kulia, mtumbwi unakwenda kushoto. Ukienda kushoto, unakwenda kulia.

Alirudi nyuma ya nyumba, akavuta kamba ya jenereta. Ikakohoa, ikanguruma. Kioo cha kompyuta kikawaka buluu.

Alianza kama alivyofundishwa chuoni. Alichomoa waya wa kipanya, akauchomeka upya. Akauzima mtambo, akauwasha. Akaingia kwenye vipimo vya kipanya: kasi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Vyote sawa. Akafungua ukurasa wa barua, akauzungusha mshale pande zote. Ulimtii kama mbwa.

Akarudi kwenye mchezo. Kulia...

Mtumbwi ukaenda kushoto.

Akatoa kipanya kipya kwenye nailoni yake. Akakichomeka. Kulia...

Kushoto.

Jasho likamtiririka mgongoni. Akakigeuza kile cha zamani chali, akafungua kifuniko cha tumbo ili asafishe uchafu. Mpira mdogo wa ndani ukamdondokea kiganjani.

Ulikuwa umelowa.

Akaunusa. Matope. Majani yaliyooza. Harufu ya mto ulioingia nyumbani mwa watu.

"Halake," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Halake aliingia, akaegemea mlango, akautazama mkono wa Caleb ukihangaika mezani na mtumbwi ukihangaika kiooni. Akatikisa kichwa.

"Mimi mtu wa ng'ombe," alisema. "Lakini hiyo si mbovu."

"Si mbovu vipi? Huoni inakwenda kinyume?"

"Caleb, ninyi Wapokomo mmenivusha mto miaka mingapi? Yule mtu wa nyuma anapiga kafi huku kulia, mtumbwi unageuka kule kushoto. Anapiga kushoto, unageuka kulia. Sasa hii na ile tofauti iko wapi?" Akainua fimbo yake, akapiga kafi hewani. "Hiyo inaendeshwa sawa kabisa. Inaendeshwa na mtu anayejua."

Alicheka. Kisha akaona uso wa Caleb, akaacha. "Mimi naenda kuswali isha," alisema, ingawa wakati wake ulikuwa bado.

Caleb alibaki peke yake na mngurumo wa jenereta.

Mtu anayejua.

Alikuwepo mmoja. Mdogo wake. Hakuna aliyemshinda kwa kafi kule kijijini kwao, Ndera. Kila alipochoka kungoja abiria, kabla ya kusukuma mtumbwi, aligonga ulimi mara moja. Tik. Kwamba tunaondoka, asiyepanda na abaki.

Elnino ilimchukua. Caleb ndiye aliyekuwa naye, na Caleb ndiye aliyeleta habari: mbuzi wa watu alikuwa anazama, kijana akaruka kumwokoa, mkondo ukambeba. Watu walilia. Walisema amekufa kifo cha mtu mwema. Mwili haukuonekana.

Mama yao, Pauline, hakulia. Alimtazama Caleb machoni, akasema, "Jina lake sitalitaja mpaka nijue alivyoondoka."

"Nimeshakwambia, Mama."

"Nimesikia."

Tangu siku ile hakulitaja. Alisema "mdogo wako". Alisema "yule". Wala hakupika tena samaki wa mto. Na Caleb naye, jina lile halikumpita mdomoni.

"Caleb."

Aliruka kitini. Mama alikuwa mlangoni, amebeba bakuli lililofunikwa kwa kanga, fanusi mkono wa pili.

"Chakula kinapoa, na wewe unacheza."

"Sichezi, Mama. Natengeneza."

"Kimeharibika nini?"

Caleb akaugeukia mtambo. Mama akavuta stuli, akaketi nyuma yake.

Caleb akaondoa mkono juu ya kipanya ili ajipanguse jasho.

Mtumbwi uliendelea kwenda.

Ulikata kona taratibu, ukapita kati ya magogo mawili. Kipanya kilitambaa mezani chenyewe. Kulia, kidogo. Kushoto, kidogo. Caleb alikamata waya, akauchomoa kwa nguvu. Ukabaki unaning'inia mkononi mwake.

Mtumbwi uliendelea kwenda.

"Nani anaendesha?" Mama alinong'ona.

Sasa mtumbwi ulikuwa katikati ya kioo, mkubwa kuliko alivyowahi kuuona. Nyuma, upande wa kushoto, alikaa mtu aliyewapa mgongo, kafi mkononi. Upande wa kulia kulikuwa na mzigo mmoja tu.

Boksi jeupe.

Maji yakaanza kupanda ubavuni mwa mtumbwi. Maandishi yakatokea: *Mzigo umezidi. Chagua cha kutupa.*

"La," Caleb alisema. "La, la..."

Alikichomeka kipanya upya. Boksi. Alitaka boksi. Akasukuma kulia. Mshale ukateleza kushoto, ukatua mgongoni mwa yule mtu. Akauvuta, akasukuma tena kulia kwa nguvu zote.

Mshale ulikuwa palepale. Mgongoni.

Maji yalifika mapajani pa mtu yule. Shingo yake ikaanza kugeuka. Taratibu. Kama mtu aliyeitwa na ndugu yake.

Hapo Caleb akaelewa. Ili alifikie boksi, mkono wake ulipaswa kwenda upande mwingine. Kushoto. Kwa yule mtu. Ulipaswa kunyooshwa kwake.

Mkono ulikataa. Uliganda juu ya meza kama ulivyoganda siku ile.

"Sogeza," Mama alisema nyuma yake. Hakuwa anajua lolote. Au alikuwa anajua. "Sogeza mkono, mwanangu."

Caleb alifumba macho. Akanyoosha mkono. Kushoto... kushoto... mpaka kipanya kikagonga ukingo wa meza. Akafumbua macho. Mshale ulikuwa juu ya boksi.

Akabofya.

Boksi likaanguka majini. Mtumbwi ukainuka, mwepesi. Shingo ya mtu yule ikaacha kugeuka, na kabla uso haujaonekana, jenereta ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Kioo kikawa nukta moja nyeupe. Kisha giza. Fanusi ya Mama nayo ilizimika, ingawa hapakuwa na upepo.

Muda ukapita. Mtu mmoja alikuwa analia. Caleb akagundua ni yeye.

"Hakukuwa na mbuzi," alisema.

Akapapasa gizani mpaka akaugusa mtambo.

"Watu wa ghala walinituma niokoe hii kompyuta. Kompyuta hii hii, Mama. Katikati ya mkondo mtumbwi ukaanza kunywa maji. Akanipigia kelele, tupa hilo boksi! Sikulitupa. Niliona kazi yangu ndiyo inakwenda na maji. Gogo likatupiga, akaanguka. Akanyoosha mkono. Ulikuwa karibu, Mama. Karibu kama wewe ulivyo hapo. Na mikono yangu... Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia boksi."

Alingoja kofi. Alingoja kelele. Alisikia pumzi ya mama yake tu, ikipanda na kushuka.

"Alisema kitu?" Mama aliuliza mwishowe.

"Alisema, kaka."

Pumzi ile ikakatika. Ikarudi.

Kitu cha baridi kikagusa vidole vya miguu ya Caleb. Maji. Yalikuwa yanaingia polepole kutoka chini ya meza, yakinuka matope, na nje mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Kisha, gizani, karibu kabisa na mkono wake...

Tik.

Tunaondoka. Asiyepanda na abaki.

Caleb alisikia stuli ikisukumwa. Mama alikuwa amesimama. Alimpita, nyayo zake zikichapa maji, mpaka akawa mbele ya kile kioo cheusi. Akakusanya viganja mdomoni, kama wafanyavyo watu wa Ndera wanaposimama kingoni jioni na mtumbwi uko ng'ambo. Na kwa sauti ile ndefu ya kumwita mwenye kafi aje awavushe, akaliita jina lile:

"Godhanaaa!"