Zimwi Lililopewa Jina la Makhanu

Benchi la mbele lilikuwa na joto.

Andati aligundua hilo akifagia ukumbi wa video wa Sulemani pale Ekero, adhuhuri, kabla mlango haujafunguliwa. Aliweka mkono kwenye ubao ili ausogeze, akauondoa upesi. Benchi zima lilikuwa baridi isipokuwa pembeni, karibu na ukuta, mahali panapomtosha mtu mmoja kuketi. Hapo palikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na juu yake zilitapakaa chembe nyeusi za majani ya miwa yaliyoungua. Akajiambia ni jua. Lakini madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na jua halikuwahi kuingia humo. Akazifuta zile chembe kwa kiganja, akaendelea kufagia.

Ilikuwa ile miaka ambayo miwa ilikuwa na bei, na kila mtu Ekero alitembea kama mwenye shamba, hata asiye na shamba. Kiwanda kilitoa moshi bila kupumzika, matrekta yalidondosha miwa barabarani, na wakataji wakishalipwa walitaka nyama, pombe na picha za kutisha. Picha walizipata kwa Sulemani, mwenye televisheni, mashine ya video na jenereta nyuma ya ukuta. Andati alikuwa ndiye ulimi wa ukumbi. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na pale asipoelewa, na mara nyingi hakuelewa, alitunga yake. Yake ndiyo yaliyokuwa matamu.

Kila Jumamosi alisimama mlangoni akitoa hukumu.

"Ile ya mjusi mkubwa anakanyaga mji? Msipoteze wakati. Unaona kabisa ni mtu amevaa gunia. Ya mnyonya damu ni nzuri, lakini kwanza mkule mshibe. Na hii ya mbuzi anaongea ni ya wazimu tu, lakini utacheka mpaka ulie."

Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kumbishia. Huyo alikuwa Makhanu, mkataji miwa, mwenye nafasi yake kwenye benchi la mbele, pale pembeni ukutani.

"Zimwi ikionyeshwa mapema, hiyo si picha," alikuwa akisema. "Hiyo ni ng'ombe iko na meno. Picha ya maana inaifichanga." Na wenzake walipopiga mayowe picha ikiwa bado changa, aliinua mkono mmoja tu. "Ngoja mwisho."

Andati hakumpenda. Ni wivu, hakuna neno jingine. Mtu anatoa jasho kwenye maikrofoni, halafu mkataji miwa anaharibu utamu kwa maneno mawili.

Makhanu alikufa shambani. Kule shamba huchomwa kwanza ndipo likatwe, ili majani yaishe na nyoka wakimbie, na wakataji husubiri ukingoni na marungu kwa sababu sungura nao hukimbia. Siku hiyo alisimama upande ambao sungura hutokea. Upepo ukageuka. Kilichozikwa hakikuwa na uso.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi Sulemani alipoleta kaseti ya maiti aliyefufuka kutoka kwenye jivu, mweusi mwili mzima. Andati akaona nafasi yake.

"Huyo hapo!" alinguruma kwenye maikrofoni. "Makhanu amerudi kutafuta sungura yake!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kesho yake watu walirudi na majirani zao. Tangu siku hiyo kila zimwi, liwe na pembe au mikia, liliitwa Makhanu.

Mjane wake, Edah, alimfuata mlangoni mbele ya watu.

"Mulembe, Andati."

"Mulembe, mama."

"Nimekuja na heshima. Achana na jina ya mzee wangu. Watoto wanachekwa huko mtoni."

"Ni mchezo tu, mama. Si unaona watu wanampenda sasa kuliko wakati alikuwa hai?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Edah hakulia. Alimtazama Andati mdomoni, si machoni.

"Sawa," akasema polepole. "Basi mwite. Mwite mpaka akuitikie."

Andati angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Alijua desturi vizuri. Kwao jina la marehemu haliitwi ovyo. Huitwa pale tu mtoto mchanga anapolia bila kukoma. Kina kukhu, bibi wa ukoo, humzunguka, wakataja wafu mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, kwa kuwa mwenye jina amefika. Andati alikua akiyaona hayo. Ila yeye alidhani video ni kitu cha ugenini, na wafu wa nyumbani hawaingii humo.

Basi siku ile ya benchi lenye joto, watu walijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Zimwi likainuka kwenye televisheni.

"Makhanu!" Andati akaita.

"Niko," ikajibu sauti kutoka mbele, pembeni ukutani.

Watu walipiga makofi, wakidhani ni ujanja mpya wa Andati. Yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba pale pembeni hapakuwa na mtu, ingawa watu walibanana mpaka wakakaliana mapajani, na kwamba zimwi la kwenye televisheni lilikuwa limeacha kumfukuza yule msichana wa Kizungu, limegeuza shingo, linamtazama yeye, na harufu ya miwa iliyoungua ikapanda kutoka chini ya benchi, tamu na chungu kwa pamoja, na ndani ya mlio wa jenereta akasikia panga likikata, chwa, chwa, bila haraka, kama mtu anayejua shamba lote ni lake.

Watu walipotoka, Sulemani alimvuta kando.

"Ile sauti umeifanya namna gani?"

"Si mimi," Andati alinong'ona. "Wallahi vile, si mimi."

"Wewe si Mwislamu na unaapa Wallahi. Basi ni kweli." Sulemani aliutazama ule upande wa ukuta, akashusha sauti. "Nyinyi mtasema ni mzimu. Sisi tunasema ni jini limepewa jina, likalipenda. Yote ni moja. Limeitwa."

Alimleta Mwalimu Yakub kutoka Mumias, mzee mwenye ubani na kisomo kisicho na haraka. Yakub alisoma asubuhi yote. Moshi wa ubani ulijaa ukumbini, benchi likalia kama linalovunjika, kisha pale pembeni pakapoa. Andati alipagusa mwenyewe. Akacheka kwa furaha, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Humu limetoka," Yakub alisema akivaa makubadhi. Mlangoni akageuka. "Lakini halikuitwa na ukumbi, limeitwa na wewe. Nyumbani kuna nani?"

"Mke wangu. Ni mjamzito."

Andati alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alimkuta mtoto keshazaliwa. Mvulana, mzima, kifungua mimba wake. Mkewe, Khalayi, alikuwa amelala akitabasamu kwa uchovu, na Awinja, mama yake Andati, alikuwa akimkanda mtoto mgongoni kwa sababu alikuwa analia.

Alilia mchana ule wote. Alilia siku iliyofuata, na iliyofuata, akakataa ziwa, sauti ikakauka ikabaki mkwaruzo, na hata alipokosa sauti mdomo ulibaki wazi ukilia bila kutoa kitu, na nyumba nzima ilinuka shamba lililochomwa hata Khalayi alipofua kila kitambaa, hata Awinja alipotoa majivu yote jikoni na kuyatupa mbali, na kila Andati aliposogea kumbeba mwanawe mtoto alifungua macho, yale macho ambayo watu husema bado hayaoni, akamtazama mdomoni.

"Anaisha," Khalayi alisema. "Andati, mtoto wangu anaisha."

Awinja akaita kina kukhu wenzake. Wakakaa, wakamweka mtoto katikati, wakataja wafu wa ukoo kwa sauti za chini. Babu mzaa baba. Shangazi aliyekufa maji. Wazee ambao Andati hakuwahi hata kuwasikia. Mtoto alilia juu ya majina yote.

"Kuna jina hatujaita," Awinja alisema mwishowe, akamgeukia mwanawe. "Wewe umekuwa ukiita nani huko Ekero?"

Andati akausukuma mlango. Alitoka mbio hadi kwa Edah, akapiga magoti uani kati ya kuku.

"Mama, nisamehe. Mwambie atoke. Mtoto hana makosa."

"Hata wangu hawakuwa na makosa," Edah alisema. Akafunga leso yake. "Twende."

Aliingia bila kumsalimu mtu, akainama juu ya mtoto, akasema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake:

"Makhanu."

Kilio kikakatika. Mtoto alivuta pumzi, akageuza kichwa, akatafuta ziwa la mama yake, akanyonya. Khalayi alilia kwa shukrani, akaubusu mkono wa Edah. Awinja alifunika uso.

"Sasa ni mzee wangu," Edah alimwambia Andati, na hapo ndipo alipotabasamu. "Utamlisha. Utamvisha. Na hutamtukana tena."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtoto aliyebeba jina la mtu mzima hapigwi wala hakemewi, maana ukimkemea unamkemea mwenyewe. Kila Jumapili baada ya kanisa Edah alikuja na ingokho, kuku aliyenona, Khalayi akamkaribisha kama mke mwenza, na mtoto akamkimbilia mikono wazi. Andati aliiacha maikrofoni. Mdomo wake uliogopa majina yote.

Mtoto alichelewa kusema. Alikuwa anatembea vizuri na bado hajasema hata mama, wala hakutaka kubebwa na baba yake. Alasiri moja watu walikuwa wamechoma shamba la jirani. Khalayi alikuwa ameenda mtoni, Andati alikuwa peke yake na mwanawe mlangoni, moto ukilia ng'ambo ya ua na chembe nyeusi zikiwaangukia vichwani. Upepo ukageuka. Moshi ukaja kwao, na Andati akapiga yowe, akaruka kumnyakua mtoto akimbie naye.

Mtoto hakustuka. Aliinua mkono mmoja tu, akamtazama baba yake mdomoni.

"Ngoja mwisho," akasema.