Kichanga cha Pangoni

Siku mifupa ilipotoka pangoni walikuwapo wanne: msimamizi wa uchimbaji, waliyemwita Miwani, mama mwenye mtoto mgongoni, wifi yake, na mtoto mwenyewe, aliyekuwa amelala fofofo.

Mifupa ilikuwa ya kale mno: mwanamke aliyekumbatia kichanga, shingoni shanga za kombe. Mama machozi yalimlengalenga.

"Bosi, tafadhali usiwatenganishe."

"Sanduku moja, mama. Nakuahidi."

Kazi ya mawifi hao ilikuwa kusafisha mifupa kwa brashi laini. Mama alimpenda wifi yake. Alipojifungua, ndiye aliyefua nepi zote, akitania, "Huyu mfalme wenu anajua kuchafua tu!"

Wiki ileile mtoto akaanza kunuka mwani. Akiogeshwa, ananuka. Kisha akakataa ziwa, akiligeuzia uso kama aliyeshiba. Mchana mmoja mama alisikia shanga zikigongana chumbani, na alipochungulia alimwona mtoto amelala peke yake kitandani, midomo ikinyonya hewa, koo likimeza, tone la maziwa likimteremka kidevuni, na kando yake godoro limebonyea, limebonyea urefu wa mtu mzima aliyejilaza ubavu.

Alimnyakua mwanawe, akakimbia mpaka stoo, akafungua sanduku. Mwanamke alikuwamo. Mikononi mwake hamkuwa na kitu.

"Miwani alikipeleka kichanga maabara, mbali," wifi alinong'ona nyuma yake. "Alinikataza nisikwambie. Alisema utalia."

"Na wewe ukanyamaza, wifi?"

"Jini la mifupa hii halikunyamaza! Kila nikishika brashi lilikuwa hapa, sikioni: mwanangu yuko wapi? Mwanangu yuko wapi? Nilikuwa nakufa kwa woga. Nikaliambia..."

"Ukaliambia nini?"

Wifi akainamisha kichwa. "Kwamba yuko nyumbani kwa kaka yangu. Kwamba wewe unamlea tu."

Mama alimtazama yule aliyefua nepi zile zote. Alimbana mtoto kifuani, na mtoto akageuza uso kuelekea sandukuni, akacheka.

Miwani alikirudisha kichanga kwa aibu, na wote wawili wakafukiwa pangoni, wamekumbatiana kama walivyokutwa.

Mtoto hakunyonya tena kwa mama yake, wala hakukubali chupa. Alinenepa.