Kitambaa Chekundu cha Usukani

Mwanamke alikufa akiwa ameshika usukani. Gari lilikuwa limeteremka mlima wote na kujibamiza kwenye nguzo ya daraja, na barabarani hapakuwa na alama hata moja ya breki.

"Mwendo kasi tu huu," alisema konstebo.

"Nyamaza uangalie," alijibu Inspekta.

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mzito wa hatua. Askari wake walimwita Mama Taratibu, ila si mbele yake. Alipiga magoti, akapapasa chini ya kiti, akatoka na kitambaa chekundu. Fundo lake lilikuwa zima. Kitambaa kilikuwa kimekatwa pembeni ya fundo. Kwenye buti kulikuwa na masanduku mawili ya nguo.

Namba ya mwisho kupigwa kwenye simu ya marehemu ilikuwa ya fundi wa magari, na gereji yake haikuwa mbali. Fundi alipokiona kitambaa, alikaa juu ya tairi bila kuambiwa.

"Chako?"

"Changu, afande. Gari ambalo halijapona nalifunga hiki kwenye usukani. Mteja akikiona, anajua haliendeshwi."

"Likipona?"

"Nafungua kwa mkono. Sikati, nakitumia tena."

"Lilikuwa na nini?"

"Breki. Mama alilileta asubuhi, akasema lina kelele. Nikakuta pedi zimekwisha na paipu ya mafuta ya breki inavuja. Nikampigia mumewe kuomba ruhusa. Akasema nisiguse mpaka aseme yeye."

"Aliyekuletea ni mke. Kwa nini ukamuuliza mume?"

"Kadi ya gari ina jina la mume. Sisi tunamuuliza mwenye gari."

"Na mwenye roho, nani anamuuliza?"

Ufunguo ambao mama alimwachia fundi ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari ukutani. Ule uliochomolewa kwenye gari lililopondeka ulikuwa mwingine.

"Ulipokuta gari halipo, ulifanya nini?"

"Nilitoka kula nikakuta halipo, nikanuna, afande." Aliitazama mikono yake yenye grisi. "Nikajua wamenihama, wamelipeleka kwa fundi mwingine. Wateja ndivyo walivyo. Jioni mama akanipigia. Nikaiacha simu iite. Nikasema moyoni, akome."

Inspekta alimpeleka kituoni kuandikisha maelezo, akamwacha kwenye benchi la ukumbini. Mume alikuwa ameshafika, shati limenyooshwa vizuri, macho mekundu.

"Pole kwa msiba."

"Asante, afande."

"Fundi alikwambia nini kuhusu breki?"

"Hakuniambia kitu."

"Simu yako inaonyesha mliongea."

"Tulisalimiana tu."

"Ufunguo wa akiba wa gari unakaa wapi?"

Mkono wake ulikwenda mfukoni kabla hajauzuia. Njia ya mwongo ni fupi. Alitoa kicha cha funguo, akakiweka mezani. Ufunguo wa gari haukuwepo. Kilichokuwepo ni kisu kidogo cha kukunja, na kwenye mkunjo wake ulikuwa umenasa uzi mwekundu.

Inspekta alikuwa na subira ya kulichosha jiwe.

"Alikuwa anahama," mume alisema mwishowe. "Anarudi kwao. Nilimbembeleza, nikawatuma shangazi zake, hakusikia la mtu. Nikasema sawa, aondoke. Ila asifike."

"Ukalichukua gari."

"Fundi alikuwa amekwenda kula. Nikakata kitambaa, nikalirudisha nyumbani taratibu kwa njia ya tambarare. Nikamwambia mke wangu kwamba fundi amemaliza kila kitu."

"Akakuamini?"

"Alifurahi." Hapo sauti yake ikakatika. "Akasema, ngoja nimpigie. Nilisimama mlangoni. Nikamwomba Mungu yule fundi apokee, aseme kweli, yaishe. Ikaita mpaka ikakata. Akaweka simu kwenye mkoba, akaniaga."

"Ungeweza kusema wewe."

"Ningeweza."

Inspekta alimwita konstebo amfunge pingu, akatoka. Ukumbini alijiegemeza ukutani. Alishaona maiti nyingi katika kazi hii, lakini leo alitamani kulia, na hakuona aibu. Kesi imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyepona.

Fundi alisimama kutoka kwenye benchi. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Afande, nauliza tu. Mama aliponipigia, alikuwa anataka nini?"

Inspekta alitafuta uongo mdogo wa kumpa, akaukosa.

"Alitaka kukushukuru," alisema.