Kamera Iliyomwona Babu Zenon

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Epifania alikuwa akiwasha moto, akikoroga uji wa ulezi na kumpelekea bibi yake Monika kikombe chumbani. Kisha alifagia sebule. Siku hizi aliifagia kwa jicho moja tu, maana la pili lilikuwa kwenye picha ya babu Zenon, iliyosimamishwa juu ya meza ndogo tangu siku ya mazishi. Babu alikuwa amepigwa picha akiwa amekodoa macho, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Ukienda mlangoni, anakutazama. Ukienda dirishani, anakutazama. Ukiinama kuzoa taka, hapo ndipo anapokutazama zaidi.

Nyumba ilikuwa Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, ambako upepo wa Ufipa huingia ndani bila kubisha hodi. Tangu babu afariki, milango ililia usiku na mchana, na hakuna aliyekwenda kutazama nani ameigusa.

Jumapili ya arobaini ilipofika, ndugu walitoka misani wakajaa sebuleni kwa sala. Bibi Monika aliketi mkekani kando ya picha, ameinama, kanga imemfunika kichwa na uso hadi kidevuni, kama walivyofanya wajane wote wa ukoo ule. Mara mvua kubwa ikashuka. Umeme ukakatika, madirisha yakafungwa. Ikabaki mishumaa miwili mbele ya babu, na saa nane ya mchana ikawa kama jioni.

Mpiga video alikuwa Urbano, kijana mwenye studio mjini, ambaye watoto wote walimwita anko. Kamera yake ilikuwa kubwa, nyeusi, kamera ya kazi hasa. Aliisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akaielekeza kwa bibi, akaifunga fokasi hapo hapo ili picha iwe kali kwa bibi tu, na kuiacha ikirekodi. Kisha akaitwa nje kusaidia jenereta lililogoma.

"Epifania, simama hapa mtu asiigonge. Usiguse kitu, umesikia?"

"Nimesikia, anko."

Masikio yalisikia kweli. Mikono haikusikia.

Binamu yake Nestory, aliyekuja kutoka Milepa, alichungulia kioo cha kamera. "Mbona giza tupu? Au wewe ni mlinzi tu?"

"Mlinzi nani? Subiri uone."

Epifania aliwahi kumtazama Urbano kazini harusini. Akazungusha kigurudumu cha ISO, ile namba inayoiambia kamera ikuze mwanga kiasi gani, mpaka namba ikakataa kwenda mbele. Sebule ikang'aa kiooni. Kisha akasukuma swichi ya lenzi ili kamera ijitafutie fokasi yenyewe.

"Duh! Wewe noma," alinong'ona Nestory.

Kwa sifa hiyo Epifania akajiona mrefu kuliko mlango. Lakini aliposikia buti za Urbano barazani, alirudisha kila kitu kilipokuwa. Kesho yake Nestory akarudi kwao, na siri ikabaki na mtu mmoja.

Jumatano alasiri Urbano alileta video. Familia ikakusanyika mbele ya televisheni. Mwanzo sala ilikwenda vizuri. Ghafla sebule ile ya giza ikang'aa bila taa. Bibi Monika akaanza kufifia, akalainika kama sabuni majini. Nyuma yake babu Zenon akajitokeza safi, kope moja moja. Picha ikamvuta, ikamwacha, ikamvuta tena, kama kitu kinachopumua. Kila ilipomgusa bibi ilimkimbia, ikarudi kwa babu. Na juu ya kanga ya bibi kulikuwa na chenga nyekundu, za kijani na za zambarau, zikichemka kama siafu waliochokozwa.



"Mmeona?" alisema Oswaldi, mtoto mkubwa wa marehemu kwa mke wa kwanza, aliyefariki zamani. "Mzee anamkataa! Ana jambo naye."

Urbano alikuwa ameduwaa. "Fokasi niliifunga mwenyewe. Na namba niliyoweka haitoi chenga hivi. Epifania, uligusa?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Sikugusa, anko."

Urbano akakuna kisogo. "Basi mimi sijui."

Neno hilo la fundi asiyejua lilifanya kazi kuliko waganga watatu. Alhamisi, jirani yao mama Lydia alirudisha ungo na chumvi aliyokopa tangu Krismasi, akaviacha barazani na kuondoka mbio. Oswaldi akatangaza kwamba Jumamosi ukoo utakaa, bibi apelekwe kwa wadogo zake Kasense, na nyumba ifungwe.

Ijumaa Epifania alirudi shuleni akasikia sauti sebuleni. Akasimama nje ya mlango. Bibi Monika alikuwa amepiga magoti mbele ya picha.

"Zenon, mume wangu, niambie nilikukosea nini. Kama ni togwa niliyokunyima, daktari ndiye aliyekataza. Kama ni lile koti lako bovu nililomvisha sanamu wa shambani, nisamehe, ndege walikuwa wengi. Nitaondoka. Ila usinigeuzie uso mbele za watu."

Babu alikodoa macho tu. Epifania akajua mzimu uliomo ndani ya nyumba ile ameuingiza yeye.

"Bibi," alisema akiingia, "siyo babu. Ni mimi. Niligusa."

Bibi akainuka na kumgeukia. "Hilo, mjukuu wangu, usiniambie mimi peke yangu. Mimi sina wa kuniamini."

Jumamosi asubuhi Epifania alikwenda mjini kwa miguu, akamweleza Urbano yote. Urbano alikasirika, akafoka, kisha akabeba kamera. Kikao kilipoanza, Epifania alisimama katikati ya wazee na kusema alichofanya.

"Amefundishwa na bibi yake!" alisema Oswaldi.

"Basi tujaribu," alisema Urbano, akimgeukia Oswaldi. "Baba, kaa wewe pale kando ya picha. Jifunike koti kichwani, uiname."

Madirisha yakafungwa, mishumaa ikawashwa, waya ukachomekwa kwenye televisheni. Epifania akazungusha kigurudumu, akasukuma swichi. Mbele ya macho ya wote Oswaldi akafifia, chenga zikamchemkia mgongoni, na marehemu akajitokeza, safi, akiwatazama. Japo walikwishaambiwa sababu, nywele ziliwasimama.

Bibi Luciana, dada wa marehemu, akapiga makofi. "Haya, Oswaldi, na wewe mzee amekukataa. Kafungashe."

Watu wakacheka mpaka mshumaa mmoja ukazimika.

"Sasa inua uso," alisema Urbano. Oswaldi alipoinua, kamera ikamhamia yeye, maana sasa ulikuwa uso ulio karibu zaidi. "Kamera inatafuta nyuso na macho. Haijui aliye hai na aliyekufa. Bibi alijifunika, ikabaki sura moja tu ya kuishika. Na chenga hutokea ukiilazimisha kuona gizani; inakuza mwanga mdogo pamoja na uchafu wake."

Oswaldi akavua koti, akapiga magoti. "Mama mdogo, nisamehe. Hakuna atakayekutoa hapa."

"Nimekusamehe. Lakini ukisikia tena wafu wanasema, waache wamalize sentensi."

Kisha bibi akamwita Epifania karibu.

"Kuchezea kitu cha watu ni utundu, na anko wako atakupa kazi ya kufuta vumbi studio mpaka ukome. Lakini ule uongo ni jambo lingine. Uliposema 'sikugusa', uliacha nafasi tupu, na watu hawawezi kukaa na nafasi tupu. Wakanijaza mimi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: siku tatu nimemwomba radhi mtu asiyekuwa na kinyongo na mimi. Hizo huwezi kunirudishia."

Epifania akainamisha kichwa, machozi yakidondoka sakafuni.

"Ila umesema kabla sijafunga mzigo," alisema bibi, akimvuta kifuani. "Hilo nimelipokea."